Usiulize Usiku wa Kushindwa

Wanangu mnaozunguka dunia na begi la raketi mgongoni, hata msiponiambia, nakisia mlipo wiki hii. Kama si Monastir ni Antalya, kama si Antalya ni Sharm el Sheikh, miji ya hoteli za ufukweni ambako mashindano madogo ya tenisi huchezwa karibu kila wiki ya Mungu, mfuko mzima wa zawadi dola 15,000, na watazamaji ni mama wa mchezaji mmoja pamoja na mhudumu wa hoteli aliyekatisha njia na taulo zake. Na swali mnalolala nalo nalijua vilevile, maana ndilo walilouliza waliowatangulia, ambao leo wana vitambi na wanalipa ada za shule: Mzee, niendelee au niache?

Kazi yangu ni kufunga nyuzi za raketi. Nimeifanya tangu wengi wenu hamjazaliwa, kwenye kibaraza chenye mashine moja na kiti kimoja cha mgeni. Anayeleta raketi iliyokatika nyuzi huleta na maneno yake, nami mikono yangu ina kazi lakini masikio yako huru. Nimesikia mengi. Na katika hayo mengi, sikumbuki mtu aliyeniuliza swali hilo asubuhi, ameshiba, hadaiwi, na goti haliumi. Wote huja usiku wa kushindwa.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda upande.

Kijana kafungwa 7-6 katika seti ya tatu na mtoto wa miaka 17 ambaye hata ndevu hana. Alikuwa na pointi ya kumaliza mechi, akaupeleka mpira nje kwa upana wa kidole. Basi usiku huo tenisi imekwisha. Raketi zigawiwe watoto, yeye anarudi nyumbani kuuza simu dukani kwa mjomba wake. Mimi hutikisa kichwa, nikasema, “Pole mwanangu,” nikaendelea kuvuta nyuzi, kwa sababu najua kesho saa nne atapita kuuliza kama raketi zake ziko tayari, maana basi la kwenda kwenye mashindano yanayofuata linaondoka saa sita. Sijawahi kumcheka mbele yake. Namcheka akishaondoka, tena kwa upendo.

Ila wanaonitia hofu zaidi ni wale wanaoamua usiku wa kushinda. Huyu wiki nzima alikuwa amekwisha, sasa kashinda mechi mbili, kamtoa mtu aliyekuwa akicheza mchujo wa Wimbledon mwaka juzi, na uso umemng’aa. Usiku huo huo anapiga simu nyumbani kuomba pesa ya miezi sita. Kipigo humtoa mtu mchezoni kwa siku mbili tatu. Ushindi mdogo humfunga kwa miaka. Muonja asali haonji mara moja, na buyu lenyewe mara nyingi ni la mama.

Tupige hesabu basi. Hesabu haina huruma, lakini pia haina chuki na mtu.

Bingwa wa wanaume katika mashindano ya dola 15,000 huondoka na dola 2,160. Anayetolewa raundi ya kwanza hupata dola 156, na kodi bado haijakatwa. Aliyeishia kwenye mchujo hapati hata ya soda. Sasa toa nauli ya ndege, toa chumba, toa chakula, toa nyuzi zangu, nami sifungi bure, nina wajukuu. Toa na viatu. Mtazameni mchezaji wa mkono wa kulia kiatu chake cha kulia: kimetoboka pale kwenye kidole gumba wakati cha kushoto bado kizima, kwa sababu kila akianzisha mpira huukokota mguu ule ule chini. Nilimwona mmoja ameliziba tundu hilo kwa gundi na kipande cha mpira wa baiskeli. Akacheza hivyo hivyo, akashinda raundi mbili. Pesa ilipokuja ikambidi achague kati ya viatu vipya na nauli. Akachagua nauli.

Wala si yeye peke yake. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lilichambua hesabu za mwaka 2013 likakuta kwamba mwanamume aliye chini ya nafasi ya 336 duniani, na mwanamke aliye chini ya nafasi ya 253, kwa wastani alikuwa akitumia kuliko anachoingiza, na hapo malipo ya kocha hayajatiwa. Mwaka 2018 jopo huru lililochunguza mchezo huu likasema kwamba wanaohesabiwa kuwa wachezaji wa kulipwa ni kama 15,000, na wanaorudisha gharama zao ni kati ya 250 na 350. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Ila haba na haba ndiyo pia inayokimaliza.

Huko juu, mambo ni mengine kabisa. Mwaka 2025 Wimbledon ilimlipa aliyetolewa raundi ya kwanza pauni 66,000, yaani mtu kashindwa siku moja, kaoga, karudi hotelini, na amepata pesa ambayo ninyi mngeifukuzia kwa miaka. Mwaka 2024 chama cha wanaume, ATP, kikaanzisha mpango wa kumhakikishia mchezaji kima cha chini cha kipato: dola 300,000 kwa mwaka kwa walio katika 100 bora, 150,000 kwa wanaofuata mpaka wa 175, na 75,000 kuanzia hapo mpaka wa 250. Jambo jema, limechelewa lakini jema. Lakini oneni lilipokoma. Walio juu ya mstari wa 250 wanapakuliwa; walio chini wanasikia harufu. Na kwa kuwa ninyi mnaisikia kila siku, mnaamini kabisa kwamba chakula kiko karibu.

Kisha kuna mtego wa pointi, ambao watu wa nje hawaujui. Pointi hukaa wiki 52, halafu zinaondoka. Ukishinda mashindano ya dola 15,000 leo unapata pointi 15, na mwakani wiki kama hii sharti uwe umepata nyingine za kuziba pengo, la sivyo unateremka hata kama hujacheza vibaya. Mtu anaumia bega mwezi wa tatu, anajua akipumzika atashuka, kwa hiyo anameza dawa na kucheza. Bega linazidi. Anashuka vilevile, na sasa bega nalo limekwenda. Nimewaona wengi wakiporomoka hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga. Kila mmoja alifanya jambo la busara la wiki ile, moja baada ya jingine, mpaka wakafika pasipo na busara yoyote.

Najua mtakavyonijibu, maana majibu yenu nayo nayajua. Mtaniambia habari za Valentin Vacherot wa Monaco. Oktoba 2025 alikuwa wa 204 duniani, hata mchujo wa Shanghai aliupata kwa sababu wengine walijitoa. Akapita mchujo, akamtoa Djokovic nusu fainali, akamfunga binamu yake Arthur Rinderknech fainali, akaondoka na zaidi ya dola milioni moja, kuliko zote alizowahi kupata kwa raketi. Mtaniambia za Victor Estrella wa Jamhuri ya Dominika, aliyechukua taji lake la kwanza kubwa kule Quito mwaka 2015 akiwa na miaka 34, akalitetea mara mbili. Mtaniambia za Marcus Willis, Mwingereza, wa 772 duniani, ambaye mwaka 2016 alikuwa karibu kwenda Marekani kufundisha, mpenzi wake akamwambia jaribu mara moja zaidi. Akapita mchujo wa Wimbledon, akashinda raundi ya kwanza, na ya pili akajikuta Uwanja wa Kati anacheza na Federer.

Ni kweli tupu. Sina hata moja ya kukanusha, na ile ya Willis huwa inanichekesha mpaka leo, maana alifungwa seti ya kwanza 6-0, na alipopata gemu moja katika ya pili uwanja ulilipuka kana kwamba amechukua kombe. Ila mkisimulia hadithi hizi mnasahau kumaliza. Vacherot alisoma chuo kikuu cha Texas A&M kabla ya kuingia kwenye mzunguko, na kocha wake ni kaka yake wa upande mmoja. Willis alikuwa akifundisha klabuni kwa malipo ya saa. Wote wawili walikuwa na pa kuangukia. Ninyi mnachukua ile sehemu ya kuruka, mnaacha ile ya godoro.

Na huku kwetu je? Paul Wekesa wa Kenya alifika nafasi ya 100 mwaka 1995, na tangu hapo Mkenya mwingine hajafika huko. Kisha ukaja mwaka 2022. Julai hiyo Angella Okutoyi, binti aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alichukua taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Waliwafunga Wakanada wawili, 3-6, 6-4, 11-9. Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana katika mashindano makubwa manne, na Nairobi nzima ikazungumza tenisi kwa wiki moja, hata wauza mahindi. Sasa tazameni upande wa pili wa wavu. Mmoja wa wale Wakanada walioshindwa siku ile ni Victoria Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo. Alipoanza mwaka 2025 alikuwa nje ya 300 bora. Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 18, alimfunga Naomi Osaka katika fainali ya Montreal.

Wasichana wale walitenganishwa na pointi mbili tu. Nani angejua? Nimewahi kuulizwa kama hilo halimvunji moyo mtu wa kwetu. Mimi naliona kinyume. Linatuonyesha kwamba siku moja uwanjani haijui lolote kuhusu miaka mitatu ijayo, iwe siku ya kushinda, iwe ya kushindwa. Na Okutoyi alifanya jambo ambalo mimi, kwa akili yangu ya kibarazani, nililipigia makofi kuliko kombe: alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Auburn huko Alabama, huku akicheza. Mwaka 2024 akarudi Afrika akachukua dhahabu ya michezo ya bara zima kule Accra. Mwacheni apande kwa mwendo wake. Akifika, amefika, asipofika, ana cheti mkononi na anaweza kulala usingizi.

Sasa niwaambie ninachotaka kusema, maana nimezunguka kama kawaida yangu.

Sokoni ninakonunua mboga kuna mama anauza nyanya. Anafika alfajiri, anazipanga mafungu, na kabla hajaita mteja wa kwanza ameshajua moyoni bei ya asubuhi, bei ya saa tisa, na bei ya jioni ya kumalizia. Saa tisa ikifika hasubiri kusikia moyo unasemaje. Anashusha. Hajidanganyi kwamba labda saa kumi na mbili atatokea mwenye hoteli akazichukua zote, ingawa yupo, na mara moja moja hutokea. Aliamua asubuhi, akiwa hajachoka, nyanya zikiwa bado ngumu, na kwa hiyo jioni hana cha kugombana nacho. Jirani yake huamua kila fungu kwa hasira au kwa tamaa ya saa ile, na huondoka na kikapu cha mchuzi.

Ndivyo ninavyowaomba. Sisemi acheni, wala sisemi msiache. Nasema amueni mkiwa mmeshiba, mapema, lini mtaacha na kwa bei gani. Andikeni tarehe na andikeni namba. “Nikifika miaka 25 sijaingia 400 bora, naacha kucheza mmoja mmoja.” “Akiba ikishuka chini ya kiasi hiki, narudi nyumbani.” Namba iwe yako, mimi sikupangii. Lakini iandikwe kabla ya msimu kuanza, na mtu mwingine aione.

Mtanijibu kwa methali, mvumilivu hula mbivu. Hula, naam. Lakini mbivu nayo huoza, wanangu, na hakuna methali inayomlisha aliyekaa mpaka ikaoza.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu nimeona kinachotokea kwa asiyeandika. Kwanza deni. Mchezaji haachi, maana akiacha atalazimika kumtazama usoni shangazi aliyeuza kiwanja ili yeye acheze. Kwa hiyo anaendelea kucheza ili asirudi nyumbani, na kila mwezi anaocheza deni linazidi kumzuia kurudi. Shangazi mwenyewe, ukimuuliza, angependa arudi tangu mwaka juzi. Kiwanja amekwisha kukisahau. Kinachomuuma ni kumwona mtoto amekonda.

Pili, watu wa simu, wale wapangaji wa matokeo. Wanaijua njaa yenu kuliko mnavyoijua wenyewe. Anakuja mmoja mwenye maneno laini, haombi uuze mechi, anaomba gemu moja tu, seti ya pili, makosa mawili ya kuanzisha mpira. Kiasi anachotaja kinazidi zawadi ya bingwa. Mwaka 2023 mahakama ya Ubelgiji ilimhukumu miaka mitano kiongozi wa mtandao wa namna hiyo, ulionasa wachezaji zaidi ya 180, wengi wao wa ngazi hizi hizi zenu. Mwenye njaa hana miiko, na mimi siwezi kumhukumu sana mtu aliyezuiwa chumba kwa kukosa kodi. Lakini ukifungiwa, hutaruhusiwa hata kusimama kama kocha kwenye mashindano yanayotambuliwa. Utakuwa umeuza gemu moja pamoja na kazi uliyokuwa na hakika nayo.

Tatu, na hili halisemwi, ni utu uzima unaochelewa. Mtu ana miaka 31, hajawahi kulipa kodi ya nyumba kwa jina lake, hajui kupika wali, wenzake wana watoto, na yeye bado anauliza kifungua kinywa hotelini kinaisha saa ngapi. Ukimwambia aache anakuona unamnyang’anya kila kitu. Kumbe kila kitu ndicho hicho kimoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyeacha kiwe kimoja.

Kuna aliyeacha akaweza kusimulia. Conor Niland wa Ireland alifika nafasi ya 129. Wimbledon ya 2011 alikuwa mbele 4-1 katika seti ya tano, na angepita angekutana na Federer. Hakupita. Miezi michache baadaye kule New York alipangwa na Djokovic, akaugua tumbo kwa chakula kibaya, akashindwa kumaliza mechi. Mwaka 2012 nyonga ikamlazimisha aache. Huyo kwa hesabu ya dunia ni mtu aliyekaribia tu. Lakini mwaka 2024 alitoa kitabu, “The Racket”, kuhusu maisha haya haya ya hoteli na viwanja vitupu, na kikapewa tuzo kubwa ya vitabu vya michezo Uingereza. Sisemi mkaandike vitabu. Nasema miaka mliyoitumia haipotei kwa sababu mmeacha. Mtu aliyewahi kuwa wa 500 duniani ni mchezaji ambaye klabu yoyote ya Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura ingemfungulia geti kwa mikono miwili, na watoto wanaookota mipira pale wangemfuata mpaka msalani.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tafuta siku isiyo na mechi, wala usiwe umetoka kushinda wala kushindwa. Kunywa chai, kula kitu kizito. Andika ulichotumia mwaka huu wote, kuanzia tiketi hadi maji ya chupa, kisha andika ulichoingiza. Usimwonyeshe kocha, kwa maana kocha naye anakula hapo. Mwonyeshe mtu anayekupenda na asiyejua tenisi. Halafu weka tarehe yako na namba yako, na jifunze kazi ya pili sasa hivi, ukiwa bado unacheza: cheti cha ukocha, masomo kwa njia ya mtandao, hata kufunga nyuzi, nitakufundisha.

Na tarehe ikifika, najua utakachofanya. Wengi wenu mtaisogeza. Mtasema bega lilikuwa bovu, droo ilikuwa mbaya, mwaka huu hauhesabiki. Sitashangaa wala sitakasirika. Binadamu hakuumbwa kwa chuma, na mchezo huu ni mtamu, ningekuwa na miguu yenu nami ningeisogeza. Isogeze mara moja. Lakini andika pembeni kwa mkono wako sababu ya kuisogeza, na umpigie shangazi umsomee kwa sauti. Kama sababu inaweza kusomwa kwa shangazi bila wewe kuona haya, endelea ukacheze, na Mungu akutangulie. Kama sauti inakwama, basi jibu unalo, na hukulipata kwangu.